Sauti ya Mwisho Inashuka

Mjini kwetu ukiuliza nyumba ya mpiga saksafoni, watakuuliza kwanza nani amekufa. Zamani nilikuwa nakasirika. Nilikuwa nawaeleza watu kwamba mimi ni mwanamuziki wa jazi, tena mtunzi, kwamba nyumbani nina madaftari ya shule yaliyojaa vipande vyangu mwenyewe. Walinisikiliza kwa adabu, wakatikisa kichwa, kisha wakanielekeza mahali pa matanga na saa ya kufika. Kufa kufaana, walisema wahenga, nami nimekula kwa vifo vya watu karibu nusu ya umri wangu. Siwezi kuwanunia wanaonilisha.

Nilianzia kwenye fanfara ya kanisa, bendi ya matarumbeta na ngoma, hapa hapa mtaani Kabondo, nikiwa na miaka kumi na minne. Mwalimu wetu alikuwa fundi cherehani. Alijua solfeji, kuimba noti kwa majina yake, kuliko alivyojua kushona, na aliyekosea noti alichapwa vidole kwa rula ileile ya kupimia suruali. Saksafoni nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Vifungo vyake viwili vilikuwa vimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ukiipuliza kwa nguvu ilinuka kutu. Wenzangu walikimbilia tarumbeta kwa kuwa zinang'aa. Mimi nikaichukua ile maiti ya chombo nikaizoea, na sijawahi kumiliki nyingine.

Jazi ilinifikia kupitia mkasa wa mtu mwingine. Profesa mmoja mgeni aliondoka haraka vita vilipokaribia, na mpishi wake akauza sokoni kila alichoacha: sufuria, mashuka, kaseti. Nilizinunua kaseti bila kujua zina nini. Nilipozisikiliza, ilinibidi nikae chini. Kulikuwa na mtu anayepiga chombo kama changu, lakini yeye hakuwa akiimba wimbo, alikuwa akiuvunja na kuuunga upya kwa namna yake. Nilisikiliza mpaka utepe ukakatika, nikauunga kwa rangi ya kucha ya dada yangu, ukakatika tena.

Vita vilipopita, wageni walijaa mjini: askari wa kulinda amani, watu wa mashirika, waandishi wa habari. Tukaunda kikundi cha watu wanne, tukawa tunapiga kila Jumamosi jioni kwenye baraza la hoteli moja iliyo kando ya mto. Hawakuwa wanasikiliza, walikuwa wanakula samaki. Lakini mimi nilitunga kama mtu aliyefunguliwa kamba, kipande kipya kila wiki, na wenzangu walinitukana kwa kuwachosha. Safari moja tulialikwa kupiga Kinshasa. Tulikaa uwanja wa ndege wa Bangboka siku mbili na vyombo vyetu magotini, mpaka tukaambiwa ndege yetu imechukuliwa na wakubwa. Tukarudi mjini kwa pikipiki, mpiga gitaa akiwa amekumbatia gitaa lake kama mgonjwa. Huko ndiko jazi yangu ilikofika mbali kabisa, Bangboka.

Kisha wageni wakapungua, hoteli ikafunga baraza. Mpiga gitaa akaenda Bunia kutafuta maisha. Mpiga besi akaokoka, akaambiwa na mchungaji wake kwamba muziki wetu ni wa giza. Nikabaki mimi na saksafoni, na ule ulimi wa mwanzi unaotetema mdomoni, ambao nilishazoea kuuchonga mwenyewe kwa wembe maana wa dukani haufiki kwetu. Nikajiunga na fanfara ya mazishi.

Nitasema bila aibu: huko ndiko nilikotunga vizuri zaidi. Nilikuwa na namna yangu. Familia ikiniita, nilikwenda siku moja kabla ya mazishi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikauliza maswali ambayo hakuna anayeuliza. Alikuwa anapenda kuimba nini akioga? Alitembeaje? Aliwaitaje watoto wake wakiwa mbali? Kesho yake nilikuja na kipande kifupi kilichotokana na majibu hayo, nikakifundisha fanfara kwa solfeji asubuhi, tukakipiga mchana mbele ya jeneza. Mara nyingi mtu mmoja katika familia alishtuka akamtambua marehemu, akaangua kilio. Hapo nilijua nimepatia. Ni kazi ya ajabu kufurahi mtu akilia, lakini mimi nilifurahi.

Baba yangu hakuwahi kunisifu. Alikuwa mtu wa huko mto unakoteremkia, upande wa Yanonge, na ujanani alikuwa mpiga lokole wa shule ya misheni. Lokole ni gogo lililochimbwa, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa chini, na kwa sauti hizo mbili wazee walitumiana habari kijiji hadi kijiji. Kila mtu wa kwao alikuwa na jina la lokole, sentensi nzima, ili asichanganywe na mwingine. La baba lilimaanisha kwamba wivu wa jirani haujazi chungu. Alipohamia mjini akawa karani wa bandarini, akaliacha gogo lake huko, na mimi niliyezaliwa Kabondo hakunifundisha. Nililisikia jina lake mara chache tu utotoni, wakati wa likizo huko Yanonge, kaka zake walipomwita kutoka mtoni aje kula.

Siku moja, baada ya kunisikia nikifanya mazoezi, baba aliniambia kwamba chombo changu kinasema sana lakini hakimwiti mtu. Aliyasema bila ubaya, akiwa anavaa viatu. Maneno hayo yalinikaa kooni kwa miaka.

Alipoanza kuugua figo, daktari alitueleza mimi na yaya, dada yangu mkubwa aliyekuwa akimtunza, kwamba tusitarajie mwaka. Nami nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili zake asingelifanya. Niliwatungia wafu wa watu wengine kwa siku moja moja. Baba yangu nilitaka nimtungie kwa utulivu, kwa miezi, ili siku ikifika nimuage kwa kazi isiyo na haraka. Nilitaka saksafoni yangu imwite mtu kwa mara ya kwanza, na mtu huyo awe yeye. Nikachukua jina lake la lokole kama nilivyolikumbuka, likianza juu, juu, chini, nikalifanya msingi wa kipande kizima. Mwishoni niliipandisha sauti, kwa sababu jazi imenifundisha kupenda mwisho unaoning'inia juu, na kwa sababu nilidhani kifo kinahitaji kuinuliwa kidogo. Niliona fahari juu ya ile sauti ya mwisho. Nilijipongeza.

Kilipokamilika nikawaita wenzangu wa fanfara nyumbani kwetu, maana kanisa lilikuwa na semina. Baba alikuwa ndani, nikadhani amelala. Tukapiga uani, taratibu, kwa mwendo wa mazishi, mara tatu.

Mara ya tatu haikuisha. Mama jirani, yule anayeuza kwanga, mikate ya muhogo, aliingia getini mikono kichwani, akipiga yowe na kulitaja jina la baba. Nyuma yake walikuja wanawake wawili na mikeka yao kwapani, kama inavyofanywa kwetu msiba ukitokea. Baba akatoka mlangoni ameshika sahani yake ya pondu, mboga ya majani ya muhogo. Akamwuliza mama jirani, kwa upole kabisa, nani amekufa.

Mama yule alinitazama mimi, akaitazama saksafoni, akakunja kanga yake akaondoka. Wenzangu walikusanya vyombo vyao bila kuaga. Ningependa kusema kwamba hapo nilielewa, lakini nilikuwa na kiburi, nikaona ni ushamba wa watu wa mtaani. Uchuro ni neno la wajinga, nilijiambia. Jioni Kabondo nzima ilikuwa inajua kwamba mpiga saksafoni anamfanyia baba yake mazoezi ya kumzika. Lisemwalo lipo, walisema kisimani, na kama halipo laja. Yaya alipika bila kunitazama. Akaniambia tu kwamba habari imeshapanda mashua kwenda Yanonge.

Baba hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne asubuhi, yaya akiwa sokoni, aliniita chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, miguu imevimba, na kando yake kulikuwa na bidoni, dumu la plastiki la maji, tupu.

"Ile kitu mulipigaka inje," akasema, "iko jina yangu?"

Nikakubali. Nilianza kueleza, kuomba msamaha, sijui nilisema nini. Akainua mkono kuninyamazisha. Akachukua vijiko viwili, akaipiga ile bidoni, pembeni kwa sauti ya juu na katikati kwa sauti ya chini. Mikono ile iliyokuwa haiwezi tena kufunga vifungo vya shati ililipiga jina lote bila kusita.

"Sauti ya mwisho inashuka," akasema. "Weye unaipandisha. Ikipanda haiko jina ya mutu, iko muti tu unapigwa. Leta chombo yako."

Nikaileta. Nikaziba mdomo wa saksafoni kwa shati ili majirani wasisikie, nikapiga. Nilikosea. Nilikosea tena, maana vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea kupanda. Mara ya tatu sauti ikashuka mahali pake, nzito, kama mtu anayeketi baada ya safari. Baba alifumba macho.

"Bon," akasema. "Sasa inaniita. Ambia na wale wenzako."

Nililia mbele yake, mtu mzima na saksafoni iliyofungwa shati. Yeye aliomba maji ya kunywa. Ilikuwa asubuhi bora kuliko zote nilizowahi kuishi, na hakuna aliyeiona ila sisi wawili, naye alibakiza siku mbili tu.

Kuwaambia wenzangu sikuwahi. Mpiga tarumbeta, kiongozi wetu, na wawili wengine walikuwa wamekwenda kuzika mtu Barumbu, na mashua yao ilikuwa bado njiani, mtoni ambako simu hazishiki. Nilisema nitawaambia wakirudi. Baba alikufa alfajiri ya siku ya tatu, mkono wake ukiwa mkononi mwa yaya.

Kaka zake walifika siku iliyofuata kwa mashua. Mkubwa wao, tonton, ami yangu ambaye utotoni alinifundisha kuogelea, hakunipa mkono. Waliketi uani chini ya turubai, wakamwita mama jirani aeleze, naye akaeleza. Wakaniita mimi. Niliwaambia habari za bidoni na vijiko, nikawaambia baba mwenyewe alinisahihisha na kunipa ruhusa. Tonton akamwuliza yaya kama alisikia. Yaya alisema alikuwa sokoni. Alisema kweli, na sijamlaumu, ingawa zipo siku ambazo nimemlaumu. Nikataka kulipiga lile jina hapo hapo, ili walisikie wenyewe. Tonton aliinuka kwenye kiti.

"Hautagusa ile chombo hapa," akasema. "Ulimulilia angali anapumua. Alors, leo umulilie kwako."

Kwangu ni wapi? Nyumba ilikuwa ile. Nilivuka barabara nikakaa kwa fundi wa pikipiki anayetazamana na geti letu, juu ya tairi kuukuu, na hapo ndipo nilipokuwa mchana baba yangu alipotolewa. Nimewazika watu wa Kabondo, Mangobo na Makiso, nimewapigia mahakimu na wauza mkaa, na mazishi ya baba yangu niliyaangalia kupitia matundu ya ua wa mabati.

Wenzangu walikuwa wamerudi kutoka Barumbu asubuhi ileile na kwenda moja kwa moja msibani. Walisikia nimekatazwa. Wakanionea huruma, wakashauriana, wakaona wanitendee wema: kama mwenyewe haruhusiwi, angalau kazi yake ipigwe. Kaka za baba hawakukijua kipande, siku ya mazoezi hapakuwa na mtu wa Yanonge. Nilimwona kupitia tundu mpiga tarumbeta akiinua chombo chake. Nilielewa kabla hajapuliza.

Nilimpigia simu. Nilimwona akiguswa na mtetemo mfukoni, hata mkono wake ulishtuka, lakini alikuwa tayari ana pumzi kifuani. Wakapiga. Jina la baba lilikuja juu ya mabati, juu, juu, chini, zuri, likielekea mwisho wake, na mwishoni likapanda. Nilipiga simu tena. Wakarudia, likapanda. Nilipiga mpaka chaji ikaisha. Jeneza lilitoka getini, likapandishwa gari, na kila walipomaliza mzunguko sauti ile niliyojipongeza kwayo iliinuka na kuning'inia juu ya barabara. Watu walikuwa wanalia mahali hapo hapo. Fundi wa pikipiki naye alivua kofia. Mimi nilikuwa nasikia mti unapigwa, na baba yangu anapita bila kuitwa.

Nilimchukia kila mtu siku ile, na mimi mwenyewe wa kwanza. Kama ningekuwa na unyenyekevu wa kuuliza, ningeuliza mapema. Alikuwa chumba cha pili. Nilimtungia mtu aliye hai jina lake, nikaliuliza daftari langu kila kitu na sikumwuliza yeye. Majuto ni mjukuu, na wangu sasa ananiita babu.

Kilichofuata ni kitu ambacho mtunzi hukiomba maisha yake yote. Kipande kilipendwa. Wiki haikuisha, familia moja ya Mangobo ilikuja kuomba "ile ya yule mzee wa bandarini." Ikafuata nyingine. Fanfara nyingine zikakiiba, waimbaji wa kanisa wakakitilia maneno. Leo kinapigwa mazishini mji mzima, na hata ng'ambo, Lubunga, nimekisikia upepo ukivuma kutoka mtoni. Katika madaftari yangu yote ya jazi hakuna noti moja anayoikumbuka mtu, isipokuwa ile iliyokosewa.

Nilimwomba mpiga tarumbeta tuirekebishe. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, alikuwa na machozi, kisha akasema hawezi. Watu wameshazoea kulia mahali pale, alisema, ukiishusha watadhani tumechoka. Nami nina nyumba ya kulisha. Kwa hiyo napiga nao, nasimama mstari wa pili, napiga kila sauti mpaka ile inayotangulia ya mwisho. Hapo naishusha saksafoni kutoka mdomoni. Ya mwisho wanapanda peke yao. Watu wanafikiri ni uzee, pumzi hazitoshi.

Mwaka jana tonton alifiwa na mkewe. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ya turubai. Alimtuma mtu kutoka Yanonge kuniomba nije, peke yangu, bila fanfara, kwa kuwa mashua haikuwa na nafasi ya wengi, na marehemu alikuwa akiupenda ule wimbo wa baba yangu, aliousikia redioni. Tonton aliuita wimbo wa kaka yake, bila kujua umebeba nini ndani. Nilikwenda. Sijui kama nilikwenda kwa wema.

Wazee walikuwa wameketi mbele ya nyumba, watu waliokua na lokole masikioni. Nilipiga polepole. Hakuna aliyeshtuka, walisikiliza kama wanavyosikiliza muziki wa mjini. Nilipofika karibu na mwisho sikuishusha saksafoni. Niliiacha sauti ishuke, pale ambapo vijiko viliigusa bidoni.

Tonton aliinua kichwa. Mzee aliyeketi karibu naye alilitamka jina la baba yangu, kwa sauti ndogo, kama anayemwona mtu akipita. Nikapiga tena, nzima, na safari hii wote walikuwa wamenigeukia.

Nilipokuwa nafuta chombo, tonton alinifuata nyuma ya nyumba. Alisimama akiangalia mikono yangu. Jina lile, alijua, sikufundishwa utotoni, na ndugu yake asingemfundisha mtu anayemtakia kifo.

"Nani alikuonyesha?" akauliza.

"Yeye."

Alikuwa amezeeka sana. "Ungetuambia," akasema.

"Niliwaambia, tonton. Chini ya turubai."

Alitikisa kichwa kidogo, mara kadhaa. Kisha akaenda kuwasaidia vijana kukusanya viti, na mimi nikaenda kutafuta nafasi kwenye mashua.